Picha za maji zenye numero: kopi bora ya tablo ni kitu gani, na nani anapata faida?

Lubumbashi haina bahari. Lori lenye kutoka hapa kwetu na kupita Kasumbalesa linatembea siku nyingi mbele ya kufika Dar es Salaam ao Durban, kule maji ya chumvi yanapoanza. Lakini ukiingia mu nyumba za watu hapa mjini, maji utayakuta ku ukuta: mamba muntu anayechana nywele pembeni ya mto, walobaji mu mtumbwi jua likizama, samaki wa rangi nyingi, mamba mwenye kufungua kinywa.

Siku hizi picha za namna hii zinauzwa kwa njia mbalimbali. Kuna tablo iliyochorwa kwa mkono, kuna posta ya bei ya chini, tena kuna kopi nzuri sana, kwenye karatasi nzito, yenye numero ya kalamu ya risasi pale chini, kwa mfano 14/100, na sinyatiri pembeni. Muuzaji anasema: "Hii ni tiraji yenye mwisho, haitachapishwa tena." Bei inapanda papo hapo.

Makala hii inaeleza hiyo numero inamaanisha nini, kopi bora inatengenezwa namna gani, na mambo gani mtu aulize mbele ya kutoa makuta yake. Inawahusu pia wachoraji wenyewe na watoto wa wachoraji waliokufa, kwa sababu sheria inawapa sauti mu jambo hili.

Maneno ya kujua kwanza

*Tablo ya asili* ni ile mchoraji aliyoigusa kwa mkono wake. Iko moja tu.

*Tablo ya kurudilia* ni ile mchoraji mwenyewe anayoichora tena, kwa mkono, kwa sababu mteja mwingine ameipenda. Mu Katanga hii ni desturi ya zamani. Kila moja inatofautiana kidogo na mwenzake, na kila moja ni kazi ya mkono.

*Estampe* ni picha ambayo tangu mwanzo msanii aliitengeneza ili ichapishwe: anachonga mbao, ao bamba la shaba, ao anachora ku jiwe, kisha anapiga chapa. Hapa hakuna tablo nyuma yake. Karatasi yenyewe ndiyo kazi ya asili.

*Kopi yenye numero* ndiyo hasa tunayoizungumzia. Nyuma yake kuna tablo. Tablo inapigwa picha ao inapitishwa ku skana, kisha inachapishwa mara chache tu, kwa wino na karatasi vya kudumu. Ni kopi, hata kama ni nzuri namna gani. Mwenye kuiita "ya asili" anadanganya, ao yeye mwenyewe amedanganywa.

*Posta* ni kopi isiyo na hesabu. Inachapishwa kadiri inavyouzwa. Hakuna ubaya ndani yake, mradi bei yake iwe ya posta.

Kwa nini mji usio na bahari unachora maji

Katanga imejaa maji: Lualaba, Luapula, ziwa Moero, Upemba, na kule Kalemie ziwa Tanganyika. Wengi wa wakaaji wa Lubumbashi ni watoto ao wajukuu wa watu waliotoka ku mito na maziwa hayo kuja kutafuta kazi ku migodi na ku reli. Picha ya mtumbwi mu saloni ilikuwa namna ya kukumbuka nyumbani.

Neno lenyewe ni *ukumbusho*. Mu miaka ya 1970 watafiti Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian waliangalia tablo za mitaa ya Katanga, wakasikia neno hilo kwa wachoraji na kwa wanunuzi. Tablo haikununuliwa tu kwa kupamba ukuta. Ilinunuliwa ili mtu aiangalie na kuanza kuzungumza: mambo ya mababu, mambo ya ukoloni, mambo ya vita. Wachoraji walifanya kazi ku kitambaa cha mifuko ya unga, wakirudilia vichwa vilevile kwa sababu watu walivitaka vilevile: Colonie belge, simba, na mamba muntu.

Mbele ya hapo kulikuwa na Hangar. Mu mwaka wa 1946 hivi, Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa wa asili ya Bretagne, jimbo la watu wa bahari, alifungua atelieri mu Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa wakati ule. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Kutoka pale tulipata majina ambayo mpaka leo yanatajwa duniani. Pilipili Mulongoy (1914–2007) alichora samaki, ndege, nyoka na mamba, na nyuma yao akajaza vidoa vidogo vidogo vyenye kupangwa sawasawa. Bela, aliyetoka Tchad, alichora kwa vidole bila burashi. Mwenze Kibwanga (1925–1999) alijenga watu na nyama kwa mistari mifupi iliyokatana. Romain-Desfossés alikufa mwaka wa 1954 na Hangar ikafungwa. Pilipili na Mwenze wakaendelea kufundisha ku Academie ya Beaux-Arts ambayo Laurent Moonens aliianzisha mwaka wa 1951.

Kisha akaja Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa hapa mjini mwaka wa 1947. Mu 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian historia nzima ya inchi mu tablo 101, toka wakati wa mababu na kufika kwa Wareno wa Diogo Cão ku mdomo wa mto Kongo. Tablo hizo zilitoka mu buku mwaka wa 1996. Tshibumba mwenyewe hakuonekana tena toka mwanzo wa miaka ya 1980.

Na historia ya mashua haikutupita pembeni. Mu 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli. Zilipita hapa Élisabethville, zikashushwa Fungurume kule reli ilipokomea wakati ule, zikavutwa kwa mashine za mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, kisha reli tena mpaka Bukama, kisha mto Lualaba, mpaka ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata mashua ya Wajeremani, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Meli kubwa ya Wajeremani, Graf von Götzen, wenyewe waliizamisha mu Julai 1916 ili isikamatwe. Baadaye ikaopolewa, ikapewa jina la Liemba. Mchoraji wa Lubumbashi mwenye kutafuta kichwa cha picha ya meli, hana lazima ya kukitafuta Ulaya.

Shaba ndiyo iliyoanza

Kazi ya kuzalisha picha za bahari kwa wingi ilianza zamani mu Ulaya. Mu 1753 mfalme Louis wa 15 wa Ufaransa alimwagiza mchoraji Joseph Vernet achore bandari kubwa za inchi yake. Vernet alizichora tablo 15, kazi iliyochukua zaidi ya miaka kumi. Lakini tablo ya mfalme inaonwa na watu wa mfalme. Ndipo mafundi wawili, Cochin na Le Bas, wakazichonga ku bamba za shaba, wakazichapisha, na watu wakaandikisha majina na kulipa ili wapate zao. Hivyo mtu wa kawaida aliweza kuweka bandari ya Marseille ku ukuta wake.

Mu Uingereza, J. M. W. Turner alifanya kazi karibu sana na wachongaji wa namna hiyo. Picha yake ya meli ya vita ya zamani inayovutwa kwenda kubomolewa, *The Fighting Temeraire* ya mwaka wa 1839, watu wengi waliijua kwanza ku karatasi. Mu Japani, wimbi kubwa la Hokusai, la mwaka wa 1831 hivi, si tablo hata kidogo. Ni estampe ya mbao iliyopigwa chapa maelfu ya mara kwa bei ndogo.

Hapa msomaji wa Katanga asimame kidogo juu ya lile neno shaba. Bamba la shaba ni laini. Kila karatasi inapobanwa juu yake, mistari inalika kidogo. Karatasi za kwanza zinatoka safi, za mwisho zinatoka zenye kufifia. Ndiyo maana wanunuzi walitafuta za kwanza, na baadaye wachapishaji wakaanza kuandika numero na kusema mbele: tutapiga hamsini, ao mia moja, basi. Tiraji ikiisha, fundi alipiga mstari mkubwa ku bamba ili mtu asilitumie tena. Mwisho wa tiraji ulikuwa ndani ya shaba yenyewe.

Leo tablo inawekwa mu ordinateri. Faili halilikwi. Kopi ya kwanza na kopi ya elfu kumi zinafanana kabisa. Hakuna kitu mu mashine chenye kusema "imetosha". Basi numero ya 14/100 imekuwa ahadi tu ya mtu. Ukiwa na mtu mwenye kutunza neno, numero ina thamani. Bila yeye, ni wino tu. Mambo mengine yote mu makala hii yanatokana na hapo.

Picha moja iliyozunguka dunia bila hesabu

Mfano wa picha ya maji iliyochapishwa bila mwisho, tunao karibu na sisi. Mu miaka ya 1880, mu Hamburg, Ujerumani, kulichapishwa picha ya rangi ya mwanamke mwenye nywele nyingi, nyoka shingoni. Ilikuwa tangazo la mchezo wa nyoka. Mabaharia na wafanyabiashara waliifikisha Afrika ya Magharibi, na watu wa pwani wakamtambua ndani yake roho ya maji, Mami Wata. Mu 1955, kompani moja ya kalenda ya Bombay, Shree Ram Calendar Company, iliichapisha tena kopi 12,000 kwa wafanyabiashara wa Kumasi, Ghana.

Mtafiti Henry Drewal ndiye aliyefuata njia hiyo hatua kwa hatua. Mamba muntu wetu, mwenye kioo, kichanuo na nyoka, ni ndugu wa Mami Wata, ingawa kisa chake hapa kina mambo yake ya Katanga. Fundisho ni hili: picha inaweza kutoka bandari moja mpaka nyingine, ikabadilika jina, ikaingia mu imani na mu nyumba za mamilioni ya watu, na aliyeichora mara ya kwanza asijulikane na mtu wala asipate hata senti.

Kopi bora inatengenezwa namna gani

Kazi nzuri inapita hatua tano.

*Ya kwanza, kuchukua picha ya tablo.* Tablo inatolewa mu kadre na kioo. Inapitishwa ku skana kubwa ao inapigwa picha na aparei yenye nguvu, mwanga ukitoka pande mbili sawasawa ili isiwe na kivuli wala kung'aa. Karatasi yenye rangi inawekwa pembeni ili rangi zilinganishwe baadaye. Simu haitoshi. Vidoa vya Pilipili na alama za vidole vya Bela ndiyo kazi yenyewe, na simu inazichanganya kuwa kama ukungu.

*Ya pili, kusahihisha rangi.* Fundi anafungua faili akiwa na tablo ya asili mbele yake, chini ya mwanga mweupe. Bluu ya maji ndiyo inayosumbua zaidi. Mashine inapenda kuifanya kali kuliko ilivyo, ama kuigeuza zambarau.

*Ya tatu, kopi ya majaribio.* Inachapishwa moja, inalinganishwa na tablo, inarekebishwa, mpaka mchoraji ao mwenye haki aseme ndiyo. Wachapishaji wa Kifaransa wanaiita *bon à tirer*. Karatasi hiyo yenye sinyatiri inatunzwa, na kopi zote zinazofuata lazima zifanane nayo.

*Ya nne, kuchapisha.* Mashine inayotumika inarusha wino kwa matone madogo sana. Toka 1991 kazi ya namna hii inaitwa *giclée*, neno ambalo Jack Duganne, mchapishaji wa California, alilichagua kutoka Kifaransa. Lakini jina pekee halitoshi. Mambo mawili ndiyo yanayohesabiwa: wino uwe wa pigmenti, siyo wino wa kawaida wa biro, na karatasi iwe ya pamba, isiyo na asidi, nzito ya gramu 300 hivi kwa meta mraba. Wino wa kawaida ukiwekwa ku jua letu la Oktoba unafifia haraka. Mashine zinazochapisha bashi za matangazo mu mji ni nzuri kwa kazi yao, lakini wino wao na plastiki yao havikutengenezwa kwa kazi hii.

*Ya tano, numero, sinyatiri na daftari.* Mchoraji akiwa hai, anaangalia kila kopi, anatupa zenye kasoro, anaandika numero na sinyatiri kwa kalamu ya risasi. Kila kopi inaandikwa mu daftari: numero, tarehe, jina la mnunuzi. Mwisho, faili kubwa linafungwa ama linafutwa, na jambo hilo linaandikwa mu mapatano.

Numero inasema nini, na hainasemi nini

14/100 maana yake ni kopi ya 14 ku jumla ya 100. Numero ndogo si bora kuliko kubwa siku hizi, kwa sababu faili halichoki kama shaba. Herufi E.A. ni kopi za msanii mwenyewe, kwa desturi hazipite kumi kwa mia ya tiraji. H.C. ni kopi ambazo hazikupangwa kuuzwa.

Kuna michezo mitatu ya kuangalia. Wa kwanza: tiraji ya 100 mu kipimo kikubwa, kisha 100 zingine mu kipimo cha katikati, kisha 500 ndogo, picha ni ileile. Kila numero ni ya kweli, lakini picha yako haiko kopi 100, iko 700. Wa pili: "tiraji yenye mwisho" ya 5,000. Ina mwisho, ndiyo, lakini haina uhaba. Wa tatu: picha ya mchoraji aliyekufa zamani sana, kama Vernet ao Turner. Haki za fedha juu ya picha hizo zimeisha, kila mtu anaweza kuzichapisha. Kompani ikisema kopi zake ni 200 tu, inasema ukweli juu yake yenyewe. Jirani yake anaweza kuchapisha 2,000 kesho.

Haki ya mchoraji na ya jamaa yake

Mu inchi yetu sheria ya jambo hili ni Ordonnance-loi numero 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, juu ya haki za watunzi. Inalinda kazi ya mchoraji maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kifo chake. Fanya hesabu: Pilipili alikufa mwaka wa 2007, Mwenze mwaka wa 1999. Kazi zao bado zinalindwa kwa muda mrefu, na haki hiyo iko mu mikono ya warithi wao.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni hili: kununua tablo siyo kununua haki ya kuichapisha. Mwenye tablo anaweza kuitundika, kuirithisha, kuiuzisha. Lakini akitaka kutoa kopi 100 za kuuzwa, lazima apate ruhusa ya mchoraji ao ya warithi wake, kwa maandishi. Vilevile ku museo ama ku mtu mwenye mkusanyo huko Ulaya: kuwa na karatasi hakumpi haki yote ya picha.

Hii inagusa Katanga kabisa, juu tablo zetu nyingi zimekwenda mbali. Kazi za Hangar ziko Tervuren, Ubelgiji, na mikononi mwa watu binafsi, na zinapita ku minada ya Ulaya. Tablo 101 za Tshibumba zilifika museo ya Tropenmuseum mu Amsterdam. Mkusanyo wa profesa Bogumil Jewsiewicki, karibu tablo 2,000 za wachoraji wa Kongo, uliingia Tervuren mwaka wa 2013. Mu 2015, Fondation Cartier ya Paris ilionyesha sanaa ya Kongo ya toka 1926, wachoraji wa Hangar wakiwa ndani. Wageni wa Paris waliona samaki wa Pilipili kwa macho yao. Mtoto wa shule wa Katuba ao wa commune ya Kenya, njia yake ya kuwaona bila pasipoti ni museo yetu ya taifa hapa Lubumbashi, ama kopi bora.

Kwa hiyo kopi si adui ya mchoraji. Kopi iliyofanywa kwa mapatano inaweza kurudisha picha nyumbani na kulipa jamaa. Ile inayofanywa kwa siri inabeba mara ya pili kitu ambacho kilikwisha kubebwa mara ya kwanza.

Mwenye kuona kazi yake ao ya baba yake imechapishwa bila ruhusa, atunze ushahidi: kopi moja, risiti, picha ya duka, tarehe. SOCODA, kompani ya haki za watunzi iliyoanzishwa mwaka wa 2011, ndiyo yenye mzigo wa kusimamia haki za wasanii mu inchi. Avoka pia anaweza kuandika barua ya kwanza. Lakini mbele ya yote, warithi wapatane wao kwa wao na kuchagua mtu mmoja wa kusaini. Watoto watano wakisaini kila mtu na mchapishaji wake, tiraji tano zinatoka, na thamani inakufa.

Hesabu ya mfano

Hizi namba ni za mfano tu, kwa kuonyesha njia ya kuhesabu.

Tuseme mchoraji anauzisha tablo ya walobaji wa Moero dola 300. Akiiuza, imekwisha. Lakini mbele ya kuiacha iende, aliipitisha ku skana nzuri, akapanga kopi 50. Kila kopi inamgharimu dola 15, karatasi, wino na cheti ndani yake. Anaiuzisha dola 40. Kopi zote zikiuzwa, anaingiza dola 2,000, anatoa 750 za kazi, anabaki na 1,250.

Tofauti ni kubwa. Lakini kuna sharti: lazima akatae mteja wa 51. Siku mteja huyo anakuja na dola 60 mkononi, wakati shule inadai minervali, ndiyo siku numero inapimwa. Akichapisha ya 51, wale 50 wa mbele amewaibia, na wakijua, hawatanunua tena. Kwa mteja huyo kuna jibu lingine: amchoree tablo mpya kwa mkono, sawa mafundi wa ukumbusho walivyofanya siku zote.

Mbele ya kununua, uliza haya

1. Hii ni tablo, estampe, kopi yenye numero, ama posta?
2. Tablo ya asili ni ya nani, ya mwaka gani, na iko wapi?
3. Nani alitoa ruhusa? Naweza kuona karatasi?
4. Kopi ni ngapi kwa jumla, vipimo vyote vikihesabiwa pamoja, na E.A. ni ngapi?
5. Karatasi na wino ni vya aina gani?
6. Kuna cheti chenye jina la mchapishaji, tarehe na numero ileile iliyo ku picha?
7. Daftari ya tiraji iko kwa nani?

Beba kioo cha kukuzia. Ukiona vidoa vidogo vya rangi nne vilivyopangwa kama wavu, hiyo ni posta ya mashine ya magazeti. Kopi ya wino wa matone haina wavu huo. Angalia sinyatiri: ya kalamu ya risasi inang'aa kidogo ukiinamisha karatasi, na inaacha alama ya kubonyeza. Ile iliyochapishwa pamoja na picha haina alama. Muuzaji mwaminifu hatakasirika kwa maswali haya.

Kuitunza mu hali ya hewa ya kwetu

Mu Lubumbashi picha ina maadui wanne: jua, vumbi la majira ya kiangazi, unyevu wa mvua toka Novemba, na mchwa. Usitundike ku ukuta unaopigwa na jua la saa tisa. Weka kioo, na kati ya kioo na picha acha nafasi kwa kutumia ukingo wa kartoni isiyo na asidi, ili karatasi isigandame ku kioo wakati wa mvua. Nyuma ya kadre funga vizuri, lakini acha kadre isimame mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite.

Usiipitishe mu plastiki ya moto kama kadi ya kazi, kwa sababu haitoki tena. Usiigundishe ku mbao. Usikate ukingo mweupe ili iingie mu kadre ndogo: numero na sinyatiri viko pale, na pamoja navyo thamani yote. Cheti kiweke mbali na picha, mu bahasha, pamoja na karatasi za nyumba. Ukirithisha picha bila cheti, watoto wako watakuwa na posta nzuri tu.

Na mchoraji mwenye kusoma haya, aanze na kitu kimoja chepesi kisichodai makuta mengi. Mbele ya kila tablo kutoka mu atelieri, apige picha nzuri, aandike mu daftari jina lake, vipimo, mwaka, na mtu aliyeinunua. Siku mtu atakapokuja na mapatano ya kuchapisha, ama siku kopi zisizo na ruhusa zitaonekana ku soko, daftari hiyo ndiyo itakayosema tablo ni ya nani.